Mkaratusi wa Kimisagara na Mikono Yangu

Vijana wangu,

Juzi pale Kagugu, wakati wa kupumzika, mmoja wenu alinitambulisha kwa mgeni akasema, "Huyu ndiye muzehe aliyesimamisha mashine katikati ya mti, kwa busara." Mgeni akanipa mkono kwa heshima. Nikaupokea huku nikitazama viatu vyangu. Niliporudi nyumbani nilishindwa kumaliza chai. Mke wangu Beatrisi akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nimesifiwa.

Habari ya mti ule imetoka Kimisagara ikasafiri hadi Kagugu, na njiani imevalishwa nguo nzuri. Mimi nilikuwapo. Haikuwa imevaa hivyo. Nimeona niandike, maana mbele ya watu mdomo wangu hukwama.

Kwanza niwaambie nilipokuwa nimesimama, mjue nilianguka kutoka wapi. Kiswahili nilikipata Karagwe, Tanzania, nilikokulia. Kazi ya kukata miti niliipata hapa Kigali kwa Mkongo mmoja aliyeitwa Alfonsi, mtu wa Kivu, mfupi, shingo nene, ambaye kila mti aliuita madamu. Alikuwa akiuzunguka mikono nyuma, kisha anasema, "Madamu huyu amechoka," au "Madamu huyu ana hasira, tazama anavyoegemea." Siku ya kwanza hakunipa mashine, ule msumeno wa mnyororo. Alinipa fagio.

Tulikuwa nyuma ya maghala kule Muhima, tunaangusha mkuyu mzee ulioinua ukuta kwa mizizi. Akaniambia nifagie njia inayotoka kwenye shina kwenda nyuma kwa mshazari, niondoe kila jiwe na kila kijiti. Nilipomaliza akasema, "Sasa kimbia." Wanawake waliokuwa wakiuza maparachichi pembeni waliacha biashara wakatazama. Nikakimbia. "Tena. Safari hii usitazame chini." Nikakimbia tena, nikagonga ndoo ya mama mmoja, maparachichi yakatapakaa. Alfonsi akaokota moja, akalifuta kwa shati, akalila palepale.

"Ndoo ile haikuwapo mara ya kwanza," akasema. "Njia ya kukimbilia inafagiwa mwisho, kabla tu ya kuwasha. Ukifagia asubuhi unawafagilia wengine."

Parachichi nililipa mimi.

Alinifundisha pia kusoma vumbi. Mnyororo mkali unatoa vipande kama mchele, mnyororo butu unatoa unga. Ukiona unga, zima, chukua tupa. Ukiendelea kusukuma kwa nguvu, si wewe unayekata tena, ni hasira yako. Na kwenye mteremko alinifundisha kusimama upande wa juu hata kama upande wa chini una kivuli na maji ya kunywa, kwa sababu gogo likianza kubingirika haliombi njia.

Ninyi leo mna kofia ngumu, mna vizuia sauti, mna suruali ambazo nyuzi zake zinausimamisha mnyororo ukizigusa. Mnazilalamikia kwa joto. Mimi nilianza na kofia ya kanisani, pamba masikioni na ndala za tairi, na nina kovu pajani refu kuliko malalamiko yenu yote. Mashine zetu zilitetemeka kama pikipiki mbovu kwenye barabara ya mawe. Ukizima, mikono iliendelea kutetemeka yenyewe mpaka umalize kula.

Asubuhi za baridi vidole vyangu viligeuka vyeupe. Selestini, mtu wangu wa kamba tangu tukiwa vijana, aliviita vidole vya kizungu. "Muzehe, leo umeamka mzungu mpaka wapi?" Namwonyesha: mpaka kifundo cha pili. Tunacheka. Navipasha kwenye bomba la moshi la mashine, damu inarudi ikichoma kama siafu, tunaanza kazi. Hakuna aliyedhani ni ugonjwa. Kila mkataji niliyemjua alikuwa navyo. Tuliviona kama sugu ya mkulima.

Esperansi, huyu mkuu wenu wa leo, alikuja kwangu akiwa msichana mwuza kuni. Alinunua matawi yetu, na kila mara aligombana nami kwamba tunayakata vibaya, hayapangiki kwenye baiskeli. Siku moja nikamwambia kwa kejeli ashike mashine mwenyewe. Akaishika. Hakuiachia tena. Baada ya miaka aliondoka, akaanzisha kundi lake Kagugu, na mimi nilijivuna naye kila mahali. "Nimemfundisha mimi," nilisema. Kisha sikuacha kuongeza, "Lakini mti mkubwa ukitokea, bado wanamwita mzee."

Basi mti mkubwa ukatokea.

Ulikuwa mkaratusi, inturusu kwa lugha ya nyumbani, juu ya nyumba za Kimisagara, ng'ambo ya ruhurura kutoka kwangu. Ruhurura ni ule mfereji mkubwa unaoteremsha maji ya mvua bondeni. Pale mlima umesimama hivi kwamba mtu wa juu akimwaga maji ya kufulia, anamwogesha jirani wa chini. Watu wazima wawili wakishikana mikono kuuzunguka mti ule walihitaji kumwita mwingine. Mvua za masika zilikuwa zimekula udongo, mizizi ikabaki nje kama mbavu za ng'ombe aliyekonda, na shina likaanza kuinamia nyumba. Ya kwanza chini yake ilikuwa ya Mama Solange, mjane mshona nguo, na jiko lake la udongo lililosimama peke yake nyuma ya nyumba.

Mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, kijana mpole asiyeacha koti hata kwenye jua, alikuja kwangu akasema, "Muzehe, watu hawalali. Mvua ikinyesha wanakaa macho wamekumbatia watoto."

"Nitaushusha," nikamwambia. Sikuomba hata kwenda kuutazama kwanza. Nilikuwa nautazama kila siku kutoka mlangoni kwangu.

Mpango wangu ulikuwa mzuri, hilo nitalisema hata leo. Usingeweza kuuangusha chini, kuna watu. Usingeweza kuuangusha juu, umeegemea chini. Ilibidi ulale kwa ubavu, kukata mteremko, uingie ndani ya ruhurura. Selestini angepanda kufunga kamba juu, kamba ipite kwenye kapi lililofungwa kwenye shina lingine ng'ambo, ivutwe na winchi ya mkono. Mimi ningekata mdomo, lile pengo la kuelekeza anguko, upande wa ruhurura, kisha nikate kutoka nyuma, nikiacha katikati ule ukanda wa mbao tunaouita bawaba. Ninyi mnaijua bawaba, lakini barua hii huenda ikasomwa na mtu wa nje: ndiyo inayouongoza mti ukianguka, kama bawaba za mlango. Na kwa mti ule kona ya juu ya bawaba, ile iliyo upande wa mlima, ndiyo iliyokuwa inauzuia usiteleze kwenda kwenye nyumba. Kona ile ilikuwa kila kitu.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi, mawingu chini, manyunyu. Watu waliondolewa nyumbani, wakasimama ng'ambo ya ruhurura na viti vyao, masufuria yao, kuku wao. Majirani zangu wote. Nilipopita na mashine begani walinisalimu kama ninavyoona watu wakisalimu wachezaji wa mpira. Niliipenda salamu ile. Niliipenda kupita kiasi.

Vidole vilikuwa vyeupe. Nikavipasha kama siku zote, vikarudi. Au niliona vimerudi.

Mdomo niliukata safi. Nikahamia nyuma, nikaanza mkato wa kuangushia, na Selestini akawa kwenye winchi anakaza kamba kidogo kidogo. Nilipofika ndani kiasi cha kutosha niliachia mafuta ili nisikilize, kwa sababu mti mkubwa husema kabla ya kwenda. Mashine ikaendelea kunguruma. Nikadhani waya wa mafuta umenasa. Nikatazama mkono.

Kidole changu kilikuwa bado kimebana kifyatulio cha mafuta. Nilikiona kimebana, wala sikukihisi. Nilikiamuru kiachie, na kikakaa vilevile kama kidole cha mtu mwingine aliyeshika mashine yangu. Na wakati nakitazama, upanga wa mashine ulikuwa unaendelea kuingia, kuelekea kona ya juu.

Selestini aliona kutoka alipokuwa. Aliiacha winchi, akashuka mbio mpaka kwangu, jambo nililomkataza maisha yote: hakuna kumkaribia mkataji mti ukiwa umefunguliwa. Akapitisha mkono juu ya wangu, akazima.

Kisha ndani ya shina kitu kikalia, tik, kama mtu anayevunja kijiti kwa vidole viwili.

"Umekula kona ya juu," Selestini akasema.

"Nimeona."

"Mikono?"

Nikauchomoa upanga kwenye mkato.

"Muzehe, mikono iko namna gani?"

"Subiri kidogo," nikasema. Nikaweka mashine chini, nikaikanyaga, nikashika kamba ya kuwashia nikavuta. Vidole vikafunguka vyenyewe, kishikio kikarudi kikagonga kasha. Nikavuta tena, vikafunguka tena.

Mnaona sasa. Wanaosema nilisimama kwa busara hawakuniona nikivuta kamba ile. Nilikuwa nataka kuendelea. Bawaba imeliwa, mti unalia, nyumba za watu ziko chini, na mimi nilitaka kuendelea.

"Namwita Esperansi," Selestini akasema.

"Usimwite."

"Namwita."

"Selestini, hapa mkubwa ni mimi."

Akatoa simu mfukoni, akanigeuzia mgongo, akampigia. Kisha akapanda kufunga winchi isirudi nyuma, na mimi nikateremka kwa watu, maana ilibidi wasogezwe mbali zaidi.

Mama Solange ndiye aliyenipokea. Alikuwa amesimama mbele ya wengine, amebeba cherehani yake kifuani kama mtoto.

"Muzehe, mbona umeacha? Mti iko nusu."

"Mashine imekufa," nikasema.

"Imekufa vipi?"

"Imezima. Haiwaki. Tunamngoja fundi."

Neno fundi lilinitoka lenyewe. Sasa vijana wangu, katika Kigali yote hakuna mahali pabaya pa kudanganya kuhusu injini kama Kimisagara. Kila mlango wa tatu ni gereji. Kabla sijamaliza kumeza mate walishajitokeza mafundi wa pikipiki, wa jenereta, wa mashine za kusaga, kila mmoja na spana yake. Mmoja wao, Kalisti, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa tayari amekunja mikono ya ovaroli.

"Muzehe, nipande nitazame plagi tu."

"Hapana, kule ni hatari."

"Basi ishushe hapa."

"Haishushiki."

"Mashine ya mkononi haishushiki?"

Nikamwambia kwa ukali asinifundishe kazi. Akafuta spana kwa kitambaa, akairudisha mfukoni polepole. Selestini alikuwa amekwisha shuka na alisikia yote. Hakunitazama.

Tukangoja. Upepo ulikuwa unakuja kwa vipindi, na kila ulipokuja watu wote waliinua nyuso. Mikono nilikuwa nimeiweka kwapani. Mtu angedhani nasikia baridi.

Esperansi alikuja kwa pikipiki, waya wa chuma begani, mashine yake mgongoni. Alinisalimu kwa adabu, akapanda. Niliona akiuzunguka mti mikono nyuma, kama Alfonsi, ambaye hakuwahi kumwona. Alichuchumaa kwenye mkato, akaingiza kijiti kupima. Akatazama mashine yake, akatikisa kichwa: upanga wake ulikuwa mfupi kwa shina lile. Akaiokota yangu, akaikanyaga, akavuta mara moja.

Ikawaka.

Ilinguruma bonde zima. Mafundi wote waligeuka wakanitazama, na Kalisti akatazama chini. Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama wangecheka.

"Muzehe, panda," Esperansi akaita.

Nilipofika juu hakuniuliza kilichotokea. Alizima mashine, akanionyesha kona. "Kumebaki kidogo sana huku. Nikikata sasa utateleza kwenda kwa mama yule. Wewe ungefanyaje?"

"Ningeufunga kwa waya kuelekea mlimani," nikasema. "Kona imekwisha, waya ndio uwe kona."

"Ndivyo nilivyofikiri. Kapi la pili liko wapi?"

Tukafunga waya, yaani wao walifunga. Mimi nilijaribu kukaza shekeli, ile pingu ya kuungia waya, ikaniponyoka, Selestini akaiokota bila neno. Esperansi akapiga kabari ndani ya mkato, moja, nyingine, akizigonga kwa zamu ili mti uinuke sawasawa. Kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia.

"Simama nyuma yangu. Mimi nitatazama upanga, wewe tazama juu. Kilele kikianza kwenda kusiko, nipige begani. Mkono ukikataa, nipige kwa kichwa."

Nikasimama. Tulikuwa tumefagia njia, mimi kwa mguu. Alikata kidogo, akaacha, akagonga kabari, akakata. Selestini kwenye winchi. Mti ukalia tena, safari hii sauti nene, ndefu. Kilele kikasogea, na nikaona kinaanza kuvutwa kuelekea nyumba. Nikampiga begani kwa kiwiko. Akatoa upanga, akampigia Selestini mluzi, winchi ikakaza, na waya wa mlimani ukanyooka ukaimba. Mti ukasita hewani kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kisha ukaenda. Tukakimbia.

Ulilala ndani ya ruhurura, karibu wote. Lakini bawaba iliyoliwa upande mmoja haiongozi vizuri, na mwishoni kabisa shina lilijizungusha. Tawi kubwa la pembeni likashuka juu ya jiko la Mama Solange, likalibomoa mpaka chini.

Watu walipiga makofi. Walimzunguka Esperansi, na mkuu wa mudugudu akamshika mkono kwa mikono miwili. Nilikuwa nyuma ya shina, navuta pumzi, ninatafuta njia ya kwenda nyumbani bila kupita mbele ya watu. Nikamsikia Kalisti akimwuliza, si kwa ubaya, "Dada, mashine ya muzehe ilikuwa na nini?"

"Plagi ililowa maji," Esperansi akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Imekauka kwa jua."

Siku hiyo jua halikutoka kabisa. Kalisti alitazama mawingu, akasema, "Sawa."

Mama Solange alisimama mbele ya udongo uliokuwa jiko lake. Nikaenda kwake, kwa sababu hilo sikuweza kulikwepa. Nikamwambia pole, nitalijenga upya.

"Jiko ni udongo, muzehe. Watu wote wako wazima." Kisha akaenda kwa jirani, akarudi na birika la chai kwa ajili ya wafanyakazi, na kikombe cha kwanza akanipa mimi kwa sababu ya umri. Nikakipokea. Nilikiona mkononi mwangu, halafu nikakiona chini, kimevunjika, chai imerukia sketi yake. Aliinama akaokota vipande, na alipoinuka aliitazama mikono yangu kwa muda, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata.

Daktari aliniambia baadaye kwamba mishipa ya vidole imekufa kwa kutetemeshwa miaka mingi, na iliyokufa hairudi. Akauliza weupe ule ulianza lini. Nikamwambia sikumbuki, ulikuwa utani wetu.

Katika umuganda wa mwezi ule, ile kazi ya pamoja ya mtaa, mudugudu uliamua tulijenge jiko. Tulifyatua matofali ya udongo, tukajenga, wanawake wakakandika. Mimi niliweza kukanyaga udongo kwa miguu, na nilikanyaga kama mtu anayelipa deni. Kazi ilipokwisha tukakaa kwa mkutano. Mkuu akauliza kama kuna mwenye neno. Nikajiona nimesimama.

"Mashine haikuharibika," nikasema. "Plagi haikulowa. Mikono yangu ilikataa, nikaona haya kuwaambia. Kona ya mti niliila mimi. Jiko nimelibomoa mimi."

Mkuu wa mudugudu alinyoosha koti lake. "Asante, muzehe," akasema. "Tuendelee na suala la takataka kwenye ruhurura."

"Tulijua," Kalisti akasema kutoka nyuma, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaokupenda. Mama Solange alikuwa anatikisa kichwa kama anayekubali. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nikala vizuri. Nikamwambia Beatrisi kwamba leo nimekuwa mwanamume.

Wepesi ule haukudumu hata wiki. Esperansi alikuja nyumbani, akakataa kiti.

"Muzehe, umenifanya mwongo mbele ya mudugudu wako mzima."

"Nilitaka kusema ukweli."

"Wako ungeusema. Wangu ungeniachia niuseme mwenyewe. Mimi nilikufunika. Wewe ukajifunua, ukaniacha mimi uchi, na hata simu hukupiga."

Nikamsogezea kiti kile tena.

"Mudugudu ulikuwa umenipa kazi ya kukata miti ya karibu na shule, yote," akaendelea. "Jana mkuu wako amenipigia. Anasema wazazi wanauliza kama mtu anayedanganya kuhusu plagi hawezi kudanganya kuhusu usalama. Nina watu wanaonitegemea kula, muzehe."

Akaondoka. Beatrisi, aliyekuwa jikoni, alitoka akasimama mlangoni akinitazama. "Ulisema umekuwa mwanamume," akasema.

Vijana wangu, aibu ya mikono ni ya mwili, mtu anaizoea kama anavyozoea kuchechemea. Aibu ya kusema uongo mbele ya Kalisti niliitoa kwenye mkutano. Hii ya tatu ndiyo bado ninalala nayo. Nilikuwa na haraka ya kujisafisha, nikamwagia maji machafu mtu aliyekuja kuniokoa. Na niliyamwaga nikiwa ninajipenda.

Nilikwenda kwa mkuu wa mudugudu kesho yake. Nilimweleza mwanzo hadi mwisho: kona ilivyokuwa, waya ulivyofungwa, nani aliuokoa mtaa. Alisikiliza kwa upole, akasema anaelewa, lakini wazazi ni wazazi. Nilikuwa natoka nimeinamisha kichwa nilipokutana na Mama Solange mlangoni. Sikumwita mimi. Beatrisi ndiye aliyekwenda kumwambia.

"Yule dada alisema plagi ili mzee asiaibike," akamwambia mkuu, bila kukaa. "Mimi jiko yangu ilivunjika, mimi ndiyo ningekasirika. Sikukasirika. Mtoto wangu anasoma shule ile. Kama hamtaki yeye akate, mnitafutie mwingine ambaye mti ikiwa nusu anapanda. Nitangoja hapa."

Akangoja kweli. Mkuu akavua koti, nikaliona shati lake kwa mara ya kwanza, akasema atazungumza na wazazi tena.

Esperansi aliikata miti ya shule. Mimi nilisimama mbali barabarani, nikawa nazuia watu wasipite, kazi ya bendera. Hakunisemesha siku hizo zote. Siku ya mwisho alinijia akiwa anavua glavu, akanishika mkono wa kulia, akaugeuza, akabonyeza ncha ya kila kidole kwa ukucha.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

"Ungeniambia zamani."

"Nilidhani ni utani," nikasema. "Nisamehe kwa mkutano ule."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Njoo Kagugu uwafundishe wangu. Lakini utakuja kwa masharti yangu."

Masharti yake mnayajua, kwa sababu mnayafanya kila asubuhi na mnadhani ni mchezo wake. Kabla mashine haijawashwa kila mtu anafumba macho, anafungua kifungo kimoja cha shati na kukifunga tena kwa vidole. Anayeshindwa hashiki mashine siku hiyo, anapewa fagio, na hakuna wa kumcheka. Mimi sikati tena, hata tawi. Lakini ameamuru nianze mimi, mbele ya wote, kila siku. Nilimwuliza mara moja kwa nini. Akanijibu kwamba wenye afya hawamfundishi mtu kitu.

Basi kesho nitasimama tena mbele yenu. Nitafumba macho na kukitafuta kifungo, na hamtakiona kikiingia. Mmekuwa na tabia ya kugeukia pembeni wakati ule, kwa adabu, na kuniachia nifiche mikono nikimaliza. Msigeuke. Nitaona haya, niacheni nione haya. Ninyi tazameni vidole.